Mstari Mweupe kwenye Nati

Jina lake nalijua, na wengi wa Lindi wakisoma hapa watamtambua, lakini silitaji. Nitamwita Fundi, kama nilivyomwita miaka yote niliyokuwa nikimpelekea gari. Siku aliyotakiwa kuniokoa mimi kwa maneno matatu ya kweli, hakuyasema. Kwa hiyo asitegemee nimpambe hapa, na asitegemee nimchafue kupita alivyojichafua. Nitaeleza nilichokiona.

Kazi yake ilikuwa kunyoosha magurudumu. Mafundi wa siku hizi huiita alaimenti, na wengine wana mashine zake zenye taa na skrini. Yeye alikuwa na mshipi wa kuvulia samaki, vyuma viwili vya kuufungia, rula ya chuma na kiganja chake cha kulia. Ukimfikishia gari linalovuta upande, hakukuuliza lina nini. Alichuchumaa mbele ya tairi, akavua pete yake ya fedha na kuitia mfukoni, kisha akapitisha kiganja juu ya tairi, kwenda na kurudi, macho ameyafumba. Pakiwa laini kwenda na kurudi, alinyamaza. Pakimkwaruza upande mmoja tu, kama mtu anayempapasa samaki kinyume cha magamba, alifumbua macho na kusema, "Magurudumu haya hayaangalii mbele. Yanatazamana."

Gereji yake ilikuwa nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya kuelekea Kilwa. Mabati manne, kontena bovu la kuwekea vifaa, na sakafu ya saruji. Sakafu ile aliipenda kuliko nyumba yake. Aliimwaga mwenyewe na kuipima kwa mpira wa maji, kona hadi kona, mpaka ikawa sawasawa, kwa sababu gari likisimama pabaya kipimo chochote ni uongo. Siku moja nilimkuta akigombana na mkewe kwa vile mama wa watu alikuwa ameanika makopa ya muhogo pale juani.

"Hii si sakafu, hii ni mizani!" alifoka.

"Basi pima na makopa, yakauke upesi," mkewe akamjibu, akaendelea kuyageuza.

Mashine ya kwanza yenye skrini ilipoletwa mjini, alijitia hamnazo. Alisema hana haja ya kuiona. Baadaye nikasikia kwamba amekwenda kuichungulia mara tatu, tena kavaa kanzu ili asionekane amekwenda kikazi. Nilipomtania alicheka hadi akakohoa. "Mashine ni nzuri, wallahi," alisema. "Lakini inapima ulichokiweka. Ukiiwekea tairi kipara kushoto na jipya kulia, itakupimia ujinga wako kwa usahihi mkubwa."

Maana hapo ndipo alipokuwa mkali. Hakuna gari aliloligusa nati kabla ya kumalizana na matairi yake. Tairi lililolika katikati, alisema, limeshibishwa upepo. Lililolika pembe zote mbili limekimbizwa na njaa. Lililolika pembe moja, hapo ndipo ulale chini utazame miguu ya gari. Alitaka matairi ya mbele yawe na saizi moja, upepo mmoja na umri unaokaribiana. Ukimbishia alikupa kisogo akaenda kunywa kahawa.

Mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alileta gari lake la mizigo, linavuta kushoto. Mafundi wawili walikuwa wameshalinyoosha na bado linavuta. Fundi akahamisha tairi la kushoto kulia na la kulia kushoto, basi, akamwambia azunguke nalo. Mzee akarudi ameshangaa, sasa linavuta kulia. "Ugonjwa umehama na tairi," Fundi akamwambia. "Kanunue tairi. Mimi hapa sina kazi." Alimrudisha bila kugusa nati, na mzee yule akamtangaza mji mzima.

Kijana mwingine alilinyanyua gari lake kwa vyuma chini ya springi ili lionekane la kibabe, kisha akalia kwamba matairi yanalika kwa ndani. Fundi alilitazama, akamtazama kijana. "Umemvisha viatu virefu, sasa unashangaa anachechemea. Mvue kwanza."

Lingine ni la mzigo. Alikuwa akisema, "Njoo na mzigo wako." Gari likiwa tupu lina mkao wake, na likibeba lina mwingine, sasa yeye alitaka kulipima kama linavyoishi. Mimi nilikuwa nikienda kwake na masanduku ya dawa nyuma, tairi la akiba mahali pake, na mkunga wa ofisi yetu ameketi pembeni yangu jua likimchoma. Mara moja mkunga aliudhika. "Jamani, mimi ni mtu au ni jiwe?" Fundi akamjibu kutoka chini ya gari, "Leo wewe ni mzigo, mama mkunga. Tulia, usijitikise." Tulicheka sote watatu. Nakikumbuka kicheko kile kwa uchungu.

Sijasema mimi ni nani. Nilikuwa dereva wa pikapu ya ofisi moja ya huduma za afya, na kazi yangu kubwa ilikuwa kumpeleka mkunga na dawa vijijini, hadi Njinjo kule ndani ya Kilwa. Mimi ni mwanamke. Nalisema hilo kwa sababu wengine walilisema kwa niaba yangu kila nilipofika. Nilikuwa nashuka na ufunguo mkononi, na bado mtu ananiuliza, "Dada, dereva yuko wapi?" Siku ya kwanza nilipoingia gereji kwa Fundi, msaidizi wa ofisi alikuwa pembeni yangu, mwanamume mrefu mwenye masharubu. Fundi hakumtazama. Aliuliza, "Dereva ni nani?" Nikasema ni mimi. "Basi keti kwenye usukani, nipime na uzito wako." Kuanzia hapo aliniita Dereva. Kila nilipofika nilimpa shikamoo yake kwa moyo mweupe, naye akaitikia, "Marahaba, Dereva." Hakuna cheo nilichowahi kukipenda kama hicho.

Alinifundisha. Hakumfundisha msaidizi wa masharubu, alinifundisha mimi. Aliushika mkono wangu na kuuweka juu ya tairi, akaniambia nifumbe macho. Alinionyesha fimbo ya usukani inayoligeuza gurudumu, ile wanayoiita tairodi, na nati inayoifunga isizunguke. Ukishapima na mshipi, unaizungusha fimbo hiyo kidogo kidogo mpaka gurudumu litazame mbele, halafu unaikaza nati. Usipoikaza, fimbo itajizungusha yenyewe kwa mtikisiko wa barabara, gurudumu litapinda, na mwisho fimbo itachomoka.

Hapo alikuwa na desturi yake, na sijaiona kwa fundi mwingine. Kwenye mfuko wa shati alibeba chupa ndogo ya rangi ya kucha, nyeupe. Akishaikaza nati aliifuta kwa petroli mpaka ing'ae, kisha akachora mstari mmoja mwembamba ukiivuka nati na kuingia kwenye fimbo. Nati ikisogea hata kidogo, mstari unakatika, na mtu yeyote atauona. "Rangi haipakwi juu ya vumbi," alinifundisha. "Ukipaka juu ya vumbi umejipaka mwenyewe." Mstari ule ndio uliokuwa saini yake. Madereva wa magari makubwa walikuwa wakiinama kuutazama kabla ya safari, wakitikisa kichwa kwa kuridhika.

Na alikuwa na neno lake alilolirudia mpaka likachosha: "Usiniamini mimi. Amini kiganja chako."

Sasa niseme na mengine, nisije nikaonekana nimemuumba malaika ili nimwangushe. Pikapu yake mwenyewe ilikuwa aibu. Matairi manne ya ukoo tofauti, la mbele kulia kipara kabisa, na usukani unavuta hadi alikuwa anauendesha ameuegemea kwa mkono mmoja. Ukimuuliza alisema, "Huyu ni mke wa ujanani, tumeshazoeana." Tulicheka. Leo sicheki. Mtu anayewatolea wengine sheria na kujisamehe yeye kwa mzaha, ungemtazama vizuri mapema.

Na alikuwa na udhaifu kwa wakubwa. Aliwasema vibaya wakiwa hawapo, eti wanataka wapite mbele ya foleni kama ajali nazo zinasubiri cheo. Lakini likiingia gari jeupe lenye vioo vyeusi, mgongo wake ulinyooka, sauti ikalainika, na miguu ikaenda kabla ya kichwa kuamua. Niliona hilo mara nyingi. Nililiona kuwa jambo dogo.

Siku yenyewe ilikuwa kama nyingine. Nilimpelekea pikapu kwa sababu tulikuwa tumefunga matairi mapya mbele. Aliyapapasa, akapima upepo, akamkalisha mkunga, akafunga mshipi. Alimaliza upande wa kulia, nikamwona akichora mstari wake. Akahamia kushoto, akazungusha fimbo, akapima, akasema sasa inaangalia mbele. Alikuwa bado chini ya gari, spana mkononi, likaingia gari jeupe lenye vioo vyeusi. Mtu akateremsha kioo na kuita, "Fundi, mheshimiwa ana haraka." Akatoka chini ya gari langu akijifuta suruali.

Alikaa huko karibu saa nzima. Aliporudi alikuwa amechangamka, anasimulia alichoambiwa na mheshimiwa, na hakulala chini tena. Alipiga boneti kwa kiganja. "Tayari, Dereva. Nenda salama." Nikaenda.

Siku ya tatu tulianza safari ya Njinjo. Kabla ya Kitomanga, ambako ndiko kwetu, nilihisi usukani unavuta kushoto. Nilisimama kijijini. Nilipima upepo, uko sawa pande zote. Nikachuchumaa mbele ya tairi la kushoto, nikafumba macho, nikapitisha kiganja. Tairi jipya la siku tatu tayari lilikuwa linakwaruza. Kwenda laini, kurudi magamba.

Nilijua. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu sehemu yangu siikimbii. Kiganja changu kiliniambia kwamba gurudumu limepinda, na lililonyooshwa juzi halipindi bure. Lakini lilikuwa limeguswa na Fundi. Nilijiambia mkono wangu umechoka, au tairi lina kasoro ya kiwandani, au mimi ni nani nimsahihishe yeye. Mkunga aliuliza, "Kuna nini?" Nikasema, "Hakuna kitu, mama. Fundi amelishughulikia." Tukapanda, tukaenda.

Kwenye mteremko wa mwisho kuelekea Njinjo usukani ukawa mwepesi ghafla. Nilikuwa naugeuza na gurudumu la kushoto halisikii. Sikuwa na mwendo. Naapa mbele ya yeyote, sikuwa na mwendo. Pikapu ilitoka barabarani, ikaingia korongoni na kulala ubavu. Mimi nilivunjika mkono wa kushoto. Mkunga alivunjika paja.

Wanakijiji walipokuwa wakimbeba kwenye kitanda cha kamba, mimi nilibaki nimekaa chini, tumbo la gari likinitazama. Nati ya kulia ilikuwa na mstari mweupe, mzima. Ya kushoto ilikuwa na vumbi tupu. Nikaigusa kwa vidole viwili, ikazunguka. Fimbo ilikuwa imejichomoa. Simu yangu ilikuwa imevunjika kioo, na hata ingekuwa nzima nisingepiga picha, maana haikunijia kwamba nitahitaji ushahidi juu ya Fundi. Nilifikiri atakuja, ataona, atajipiga kichwa na kusema, ni mimi.

Gari lilikokotwa hadi yadi ya ofisi Lindi. Mkaguzi wa magari akaja, akauliza nani alilitengeneza mara ya mwisho, wakamwita Fundi. Alifika kwa bodaboda, ana tochi na shati lake la mfuko. Hakunitazama mkono uliofungwa. Alilala chini ya gari upande wa kushoto. Mkaguzi alikuwa anaongea na mkuu wangu wa kazi pembeni. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na gurudumu, na nikasikia chuma kikigusa chuma, mara tatu, taratibu. Kisha nikasikia harufu ya rangi ya kucha.

Alitoka, akajipangusa, akamwambia mkaguzi, "Nati iko kwenye mstari wake. Fimbo imeng'olewa na kishindo. Huyu mama alipiga shimo akiwa na mwendo."

Huyu mama. Miaka yote ile nilikuwa Dereva, na siku hiyo nikawa huyu mama. Mkaguzi aliinama na tochi, akauona mstari, akaandika. Nikasema mstari ule haukuwepo. Nikasema tazameni, umepakwa juu ya vumbi. Mkuu wangu alinitazama kwa huruma inayoudhi. "Unamsingizia Fundi? Fundi huyu?" Msaidizi wa masharubu akasema kwa sauti ya chini, ila nilimsikia, "Tulisema toka mwanzo, usukani si wa kina mama." Nilimgeukia Fundi nikamwambia, "Fundi, waambie." Alikuwa anatafuta kitu kwenye mfuko wa vifaa vyake. Alitafuta muda mrefu sana.

Niliondolewa kwenye usukani, nikapelekwa stoo kuhesabu mabeseni. Nikavumilia miezi michache, nikaacha. Hakuna aliyenipa gari tena Lindi. Lakini hilo si lililonikata. Lililonikata ni mkunga. Nilikwenda kumwona, mguu umenyooshwa kwa uzito, akanipa mkono wake, ukiwa baridi, akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, si ungepunguza mwendo tu?" Nilimweleza ya nati. Alinisikiliza kama anavyosikilizwa mgonjwa mwenye homa. Mpaka leo anatembelea gongo, na mpaka leo anaamini ni mimi. Nisingetaka kingine duniani zaidi ya yeye aambiwe kweli na mtu atakayemwamini, na mtu huyo alikuwa mmoja tu.

Nilirudi kwetu Kitomanga. Nilianza kwa kuziba pancha za bodaboda kando ya barabara. Kidogo kidogo nikamwaga sakafu ya saruji, nikaipima kwa mpira wa maji, nikanunua mshipi na rula ya chuma. Na dukani nikanunua chupa ya rangi ya kucha, nyeupe. Niliona uchungu kuinunua, lakini desturi yenyewe haikuwa na kosa.

Miaka imepita. Juzijuzi lilisimama gari dogo mbele ya kibanda changu. Dereva wake, mwanamume wa makamo, aliteremka akaniamkia, akasema wanatoka Lindi kwenda arusini Kilwa, na gari linavuta kushoto. Nikatazama ndani. Fundi alikuwa ameketi kiti cha pembeni, kanzu nyeupe, amekonda, mkono wake wa kulia umelala mapajani kama si wake. Kiharusi. Dereva alikuwa mwanawe.

Alinitambua. Alisubiri shikamoo yake. Nilisema, "Karibuni," nikachuchumaa mbele ya tairi.

Matairi ya mbele yalikuwa moja jipya na moja kuukuu, tena saizi mbili. Nikamweleza mwanawe, nikayahamisha ya nyuma yaliyolingana nikayaleta mbele, nikasawazisha upepo. Mwanawe alitaka kumteremsha baba yake apumzike. "Mwache," nikasema. "Kaeni wote ndani. Napima na mzigo."

Nilipokuwa nafunga mshipi upande wake, alisema kwa sauti iliyopinda na ugonjwa, "Dereva. Mkunga hajambo?"

"Anatembelea gongo."

"Mwenyezi Mungu amfanyie wepesi."

Nilikaza mshipi. Ningeweza kumwambia mengi, nilikuwa nimeyapanga miaka mingi. Nililala chini, nikanyoosha gurudumu la kulia na la kushoto, nikakaza nati, nikazifuta kwa petroli mpaka zikang'aa, nikachora mistari. Kazi mbaya siijui hata kwa adui, na hilo nalo nimelipata kwake, na linaniuma.

Nilipotoka alimwambia mwanawe, "Lala chini uangalie nati zake."

Mwanawe aliona haya. "Baba, mama wa watu ameshamaliza."

"Nimesema kaangalie."

Akalala. "Zimekazwa, baba. Zina mistari myeupe, zote mbili."

"Chini ya rangi pasafi," Fundi aliuliza, "au kuna vumbi?"

"Vumbi gani, baba?"

"Angalia vizuri. Ya kushoto."

"Pasafi. Panang'aa."

Nikainama kwenye dirisha lake. "Fundi," nikasema, "nati ziko mbili, kwa nini vumbi chini ya rangi umelitafuta kwenye ya kushoto?"

Aliangalia mbele. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeushika wa kulia, unaupapasa. Nilingoja. Kama angesema neno moja ningeingia kwenye gari lile siku ileile, tukageuza hadi Lindi kwa mkunga, arusi ingesubiri. Midomo ilisogea. "Twende," akamwambia mwanawe. "Tutachelewa."

Mwanawe aliwasha gari, akalizungusha kidogo barabarani, akarudi nyuma amefurahi. "Limenyooka kabisa! Mama, kazi yako kama ya mzee wangu enzi zake. Ndivyo alivyokuwa."

"Ndivyo," nikamwambia.

Wakaondoka. Gari lilikwenda sawasawa mpaka likapotea kwenye kona. Kwa swali lile la vumbi Fundi alikuwa ameungama, hatua mbili kutoka nilipokuwa nimesimama, na shahidi alikuwepo mmoja tu, mtu mwema mwenye heshima, ambaye hakuelewa amesikia nini.